Histogramu ya Fortran inapokufa: anza na namba ya kapu

Programu ya kugawa data kwenye makapu huwa fupi, na karibu kila inayokufa inafia kwenye mistari hii miwili:

```
k = int((x(i) - xmin)/dx) + 1
h(k) = h(k) + 1
```

Hapa xmin ni mpaka wa chini wa data (xmax ni wa juu), dx ni upana wa kapu, k ni namba ya kapu, na h ni safu inayohesabu thamani za kila kapu. Mstari wa kwanza hauna kinga yoyote. Wa pili unaandika popote unapoelekezwa. Ukiona SIGSEGV (programu imegusa memori isiyo yake), usianze kukodolea macho msimbo. Kompaili upya kwanza, ukiwasha ukaguzi wa mipaka ya safu (-fcheck=all):

```
gfortran -g -O0 -Wall -fcheck=all histo.f90 -o histo
```

Endesha tena kwa data ileile. Mara hii utapewa mstari na namba:

```
At line 23 of file histo.f90
Fortran runtime error: Index '11' of dimension 1 of array 'h' above upper bound of 10
```

Namba hiyo ndiyo inayotaja ugonjwa. Ikiwa ni 11 na makapu ni 10, kuna thamani iliyo sawa na xmax au iliyoizidi kidogo. Na kama mipaka umeipata kwa minval na maxval, basi wala si bahati mbaya: thamani kubwa kuliko zote itaangukia kapu la 11 kila unapoendesha. Ikiwa ni hasi ya kiasi, tuseme -1997, tafuta alama ya data iliyokosekana; -999.0 ikigawanywa kwa dx ya 0.5, huku xmin ikiwa 0, inatoa -1997 kamili. Ikiwa ni -2147483647, kwenye prosesa za x86 hiyo ni NaN (thamani isiyo namba) au namba kubwa isiyoenea kwenye integer ya biti 32. Faili za NetCDF (muundo wa kuhifadhi data za kisayansi) zinapenda kuleta hii, kwa sababu nafasi tupu za aina ya float hujazwa 9.96921E+36 usipoweka alama yako. NaN nayo mara nyingi huzaliwa humohumo ndani: data zote zikilingana, dx inakuwa sifuri na unagawanya sifuri kwa sifuri.

Sasa swali linalowachanganya wengi: kwa nini jana haikufa? Chukua h ya allocatable, integer za baiti 4, kwenye Linux ya biti 64 yenye glibc (maktaba ya C ya mfumo). Makapu 9 ni baiti 36, lakini malloc, kigawa memori cha glibc, inakupa 40, hivyo h(10) inaandikwa kwenye baiti za ziada na hakuna anayeumia. Makapu 10 ni baiti 40 kamili. Hapo h(11) inaangukia juu ya ukubwa wa kipande cha memori kinachofuata, na kila nyongeza inauharibu. Programu inaweza kuendelea vizuri tu, ikaja kufa mbali kabisa, kwenye deallocate au allocate isiyohusika. Ndiyo maana siamini mahali ilipofia mpaka niwe nimewasha ukaguzi wa mipaka.

Ukaguzi huo una upofu wake. Safu iliyotangazwa h(*) ndani ya subroutine haina mpaka wa juu unaojulikana, kwa hiyo -fcheck haitasema kitu. Ibadilishe iwe h(:), weka subroutine kwenye module, kisha jaribu tena.

Kinga ambayo watu huandika ni hii:

```
if (x(i) < xmin .or. x(i) > xmax) cycle
```

NaN inapita hapo kama maji, maana ulinganisho wote wawili ni uongo. Igeuze (nje inahesabu thamani zilizo nje ya mipaka, nk ni idadi ya makapu):

```
if (.not. (x(i) >= xmin .and. x(i) <= xmax)) then
   nje = nje + 1
   cycle
end if
k = floor((x(i) - xmin)/dx) + 1
k = max(1, min(k, nk))
h(k) = h(k) + 1
```

Usiikompaili kwa -Ofast wala -ffast-math, kwani hapo kompaila inaruhusiwa kudhani NaN haipo na kuifuta kinga yako.

Mstari wa min usiutoe hata kama umeandika x(i) < xmax. Kwa xmin = -1 na xmax = 1, thamani ya real(8) iliyo chini kidogo tu ya 1 ikijumlishwa na 1 inakadiriwa kuwa 2 kamili, na unarudi palepale kwenye kapu la nk + 1.

Kuhusu floor: int hukata kuelekea sifuri, hivyo -0.7 inakuwa 0, na thamani iliyo nje kidogo ya xmin inaingia kapu la kwanza kimyakimya. Kwa kinga ya hapo juu haileti tofauti. Bila kinga, kapu la kwanza linavimba, na kosa la namna hiyo ni baya kuliko programu kufa.

Ikiwa inakufa kabla ya kuchapisha hata neno moja, achana na makapu. Tazama safu kubwa ndani ya subroutine: real(8) milioni mbili ni MB 16, na steki (memori ya muda ya subroutine) ya kawaida ya Linux ni MB 8. Kwa gfortran hili hutokea hasa ukitumia -Ofast au -fopenmp. Tumia allocatable.

Mwisho wa kitanzi, chapisha sum(h) + nje na uilinganishe na n, yaani idadi ya data zote. Zikipishana wakati programu haikufa, angalia kama ulikumbuka h = 0 baada ya allocate.