Kiingereza cha baharini: pointi za mtandaoni si cheti

Tangu tuhamishie sehemu ya somo la Kiingereza cha baharini kwenye jukwaa la mtandaoni, malalamiko ya wanafunzi na wazazi hapa Kisumu yameongezeka. Wengine wanadai kijana akishakusanya pointi zote apewe cheti, aende melini. Haiwezekani. Cheti cha umahiri cha afisa wa meli hutolewa na KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, na STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, unamtaka afisa wa zamu aelewe na kuzitumia SMCP, yaani sentensi sanifu za Kiingereza za mawasiliano ya baharini, zilizopitishwa na IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, mwaka 2001.

Pointi humchangamsha mwanafunzi mwanzoni tu. Kinachomrudisha kwenye mazoezi ni kuisikia sauti yake mwenyewe akiongea. Katika zoezi moja mkufunzi anatoa amri ya usukani, "Starboard ten", yaani usukani nyuzi kumi kulia. Mwanafunzi anairudia neno kwa neno, kisha anatoa taarifa usukani ukishafika hapo. Mwelekeo wa nyuzi 150 anautaja tarakimu moja moja, "one-five-zero", usije ukachanganywa na mwingine. Kijana aliyezaliwa Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, anaijua mashua tangu utotoni, lakini mbele ya darasa ulimi unakuwa mzito. Akiwa nyumbani anarekodi, anafuta, anarekodi tena, na hakuna wa kumcheka.

Sasa utaratibu, maana ndiko wengi wanakokwama. Ingia kwa namba yako ya usajili. Rekodi ndani ya ukurasa wa zoezi, isizidi dakika mbili. Usifunge ukurasa kabla ujumbe wa kupokelewa haujatokea. Kila wiki zinatufikia rekodi zilizokatika katikati. Mwisho ni Jumapili saa sita usiku. Ukichelewa unakatwa alama. Ukituma sauti ya mwenzako unapata sifuri, nyote wawili mnaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na kosa likirudiwa, somo linarudiwa lote.

Na jamani, hii hoja kwamba ziwani Kiswahili na Dholuo vinatosha tumeijibu mara nyingi mno. Mnasomea meli za dunia nzima. Meli ya abiria Scandinavian Star ilipoungua mwaka 1990 walikufa watu 159, na mabaharia wengi hawakuweza kuelewana na abiria.

Kuhusu bando, mazoezi ya sauti hayali data nyingi, na video si lazima. Asiye na simu inayofaa aje kwenye maabara ya kompyuta, aombe nafasi kwa mkufunzi wake mapema, si Jumapili jioni.