Tumeshasaini, halafu? Mkataba wa ozoni na mtungi wa gesi bandarini

Kila Bunge linapopitisha azimio la kuridhia mkataba wa kimataifa, sikosi kupata ujumbe wa namna hii: "Wakili, sasa hii inatubana, au ni karatasi tu?" Nimefanya kazi ya mikataba ya mazingira kwa muda wa kutosha kujua kwamba jibu la "inategemea" linawaudhi watu. Kwa hiyo leo nitachukua mkataba mmoja, ule wa kulinda tabaka la ozoni (lile la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, na linaloharibiwa na baadhi ya gesi za friji na viyoyozi), na kuufuata tangu ulipozaliwa hadi kwenye mtungi wa gesi ya kiyoyozi. Nimeuchagua kwa sababu ndio unaotekelezwa kuliko mingi ninayoijua, na kwa sababu sekretarieti yake iko jirani hapa, Nairobi.

Mkataba wa Vienna ulipitishwa tarehe 22 Machi 1985. Ukiusoma leo utashangaa jinsi ulivyo mtupu. Nchi zinakubali kushirikiana katika utafiti, kubadilishana taarifa na kuchukua "hatua zinazofaa". Hakuna kilo hata moja ya kemikali iliyopigwa marufuku. Ndivyo mkataba mama ulivyo: unajenga ukumbi, unaweka utaratibu wa vikao na kura, na unaacha mambo magumu yaamuliwe baadaye kwenye itifaki, yaani mkataba wa nyongeza wenye masharti kamili. Faida yake ni kwamba nchi yenye wasiwasi inaweza kuingia bila kuumia, na ikishaingia inakuwa mezani mambo mazito yanapoanza. Yalianza haraka. Mwezi Mei mwaka huohuo wanasayansi wa Uingereza walichapisha vipimo vyao vya Antaktika vilivyoonyesha ozoni imepungua kupita matarajio ya yeyote, na tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikapitishwa. Hiyo ndiyo yenye meno.

Kenya ilitia saini Montreal siku ileile ya kwanza, ikaridhia mwaka 1988. Saini peke yake inasema tu kwamba tuna nia, na kwamba katika kipindi hicho hatutafanya jambo la kuuhujumu mkataba. Kinachofunga ni kuridhia. Tanzania ilikuja mwaka 1993, wakati dirisha la kutia saini limeshafungwa miaka kadhaa, kwa hiyo sisi hatukusaini kabisa. Tulijiunga moja kwa moja, na kisheria kujiunga kuna uzito uleule wa kuridhia. Ukimsikia mtu anasema "Tanzania ilisaini Itifaki ya Montreal", msamehe, hata hotuba rasmi huteleza hapo.

Kwa utaratibu wetu, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalikabidhi Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Wengi hudhani azimio likipita mambo yamekwisha. Bado. Lazima iandaliwe hati ya kuridhia, isainiwe na Rais au Waziri wa Mambo ya Nje, kisha ifikishwe New York kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndiye mtunzaji wa mkataba. Siku ya 90 baada ya hati kupokelewa ndipo unakuwa mwanachama. Hati ikilala kwenye droo ya wizara, nchi haijaridhia kitu, hata kama wabunge walipiga makofi.

Halafu kuna sheria za ndani. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwetu mkataba haumgusi mwagizaji wa gesi mpaka itungwe sheria au kanuni. Lakini msidhani Kenya walipata njia ya mkato: kanuni za kudhibiti kemikali hizi, zenye vibali na adhabu, zilitoka mwaka 2007 kwao na mwaka 2007 kwetu pia. Hesabuni wenyewe tangu 1988 na 1993. Mahakama inaweza kuusoma mkataba, lakini ofisa wa forodha anahitaji fomu na kifungu cha kumkamatia mtu.

Sisi tuna fundo jingine. Mambo ya nje ni ya Muungano, mazingira si ya Muungano. Mkataba unaridhiwa na Jamhuri nzima, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema wazi kwamba ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake. Mtungi unaoshushwa bandari ya Malindi, Zanzibar, hauguswi na kanuni za Bara, ila takwimu zake zinaingia kwenye ripoti moja ya Tanzania. Ndiyo maana kwenye kazi hizi ofisi za pande mbili hulazimika kupigiana simu mara nyingi kuliko inavyoandikwa popote.

Sasa jambo ambalo mimi binafsi naliona ndilo la kiakili kuliko yote katika itifaki hii. Kuna njia mbili za kuibadilisha. Ukitaka kuongeza kemikali mpya, unarekebisha itifaki yenyewe, na kila nchi inapaswa kuridhia upya. Lakini ukitaka tu kukaza ratiba ya kemikali zilizomo tayari, kikao cha nchi wanachama kinaweza kuamua, hata kwa kura ya theluthi mbili, na uamuzi unazifunga nchi zote miezi sita baada ya kuarifiwa. Hakuna kurudi bungeni. Mwaka 2007 walifanya hivyo kwa HCFC, kundi ambalo ndani yake kuna R-22, gesi ya viyoyozi vingi vya zamani. Nchi zinazoendelea zilijikuta na ratiba mpya: matumizi yasiongezeke tena kuanzia 2013, kupunguza asilimia 10 mwaka 2015, 35 mwaka 2020, 67.5 mwaka 2025, kisha baada ya 2030 kibakie kidogo tu cha matengenezo hadi 2040. Mbunge anayelalamika kwamba hakuulizwa ana hoja ya kisiasa, ila kisheria aliulizwa siku nchi ilipoingia: kifungu hicho kilikuwemo.

Utekelezaji wenyewe hauna mbwembwe. Itifaki inapima "matumizi" kwa hesabu rahisi: ulichozalisha, jumlisha ulichoingiza, toa ulichouza nje. Sisi hatuzalishi gesi hizi, kwa hiyo matumizi yetu ni kile kinachopita mipakani, na mkataba mzima kwetu unaishia kwenye kibali cha kuingiza mzigo. Kila mwagizaji anapewa sehemu yake ya kiwango cha mwaka. Bandarini, ofisa mwenye mafunzo hafungui tu karatasi. Anachukua kifaa cha kutambua gesi, anaunganisha mpira kwenye vali ya mtungi, anaachia gesi kidogo, na baada ya muda mfupi kioo kinaonyesha asilimia: R-134a (gesi nyingine ya friji na viyoyozi, isiyoharibu ozoni) kiasi gani, R-22 kiasi gani, hewa kiasi gani. Lebo inaweza kusema lolote, rangi ya mtungi inaweza kupakwa upya. Kifaa hakisomi lebo.

Takwimu za mwaka zinapaswa kufika kwenye sekretarieti kabla ya tarehe 30 Septemba ya mwaka unaofuata. Tani za gesi huzidishwa kwa nguvu yake ya kuharibu ozoni, kwa mfano R-22 ni 0.055, kwa hiyo tani 100 zinahesabiwa 5.5. Nchi isiyotuma, au iliyozidisha, jina lake linaingia mbele ya Kamati ya Utekelezaji, na inatakiwa kueleza itarudije kwenye mstari.

Kwa nini nchi zinajali? Fedha, kwanza. Mfuko wa Kimataifa wa itifaki hii, wenye makao Montreal, unagharimia ofisi za ozoni, mafunzo ya mafundi friji na vifaa kama hicho cha bandarini. Kamati yake ina wajumbe 14, nusu kutoka nchi tajiri na nusu kutoka kwetu, jambo adimu kwenye mifuko ya kimataifa. Ripoti mbovu maana yake fedha kukwama. Pili, biashara: itifaki inakataza wanachama kuuziana kemikali hizi na walio nje. Kubaki nje kukawa ghali kuliko kuingia, na kufikia Septemba 2009 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeridhia. Hata Urusi, iliyokiri mwaka 1995 kwamba isingeweza kutimiza ratiba, haikufukuzwa. Ilibanwa kwa mpango na kusaidiwa kwa fedha, na kufikia mwisho wa 2000 viwanda vyake vya CFC, zile gesi za zamani zilizoharibu ozoni zaidi, vilikuwa vimefungwa.

Mtu atauliza, je, nchi ikidanganya? Uzalishaji wa CFC-11, mojawapo ya gesi hizo za CFC, uliripotiwa kukoma tangu 2010. Mwaka 2018 wanasayansi waliopima hewa, pamoja na kituo cha Mauna Loa huko Hawaii, wakasema gesi hiyo haipungui kwa kasi inayotakiwa, kuna mtu anatoa mpya. Mwaka 2019 vipimo vya Korea Kusini na Japani vikaelekeza sehemu kubwa mashariki mwa China. China ikaongeza ukaguzi na misako, na kufikia 2021 hewa ilionyesha utoaji umeshuka tena. Mikataba mingine haina shahidi kama huyo.

Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yaliongeza HFC, gesi zisizoharibu ozoni lakini zinazopasha dunia joto. Kwa kuwa ni kemikali mpya kwenye orodha, nchi zililazimika kuridhia upya: Rwanda 2017, Uganda 2018, na nyingine zikafuata. Uzito wake unaonekana kwenye mtungi mmoja. R-134a, ambayo ni HFC, ya kilo 13.6, ule mtungi wa kawaida wa fundi, ni sawa na zaidi ya tani 19 za kaboni dayoksaidi. Kwa Afrika kiwango kilisimamishwa 2024, kinashuka asilimia 10 mwaka 2029, na kufikia 2045 tutakuwa tumepunguza asilimia 80. Anayeagiza viyoyozi vya mtumba kwa kontena ajiulize gesi ya kuvijaza ataipata wapi na kwa bei gani.

Na lile sharti la biashara limo tena: kuanzia 1 Januari 2033, HFC haziuzwi kwa nchi isiyoridhia Kigali wala hazinunuliwi kwake. Seneti ya Marekani, ambayo Itifaki ya Kyoto ya mabadiliko ya tabianchi haikuwahi hata kupelekwa mbele yake, iliipitisha Kigali Septemba 2022 kwa kura 69 dhidi ya 27. Miongoni mwa walioitaka zaidi walikuwa watengenezaji wa viyoyozi.