Ukitaka kujenga modeli za meli, anzia Dunga

Karibu kila anayekuja kwangu akitaka kujifunza kujenga modeli za meli za mbao huja na picha ya Cutty Sark kwenye simu. Namwelewa. Meli hiyo ilijengwa Dumbarton, Uskoti, mwaka 1869 ili kubeba chai kutoka China, na mpaka leo imehifadhiwa Greenwich, Uingereza, na milingoti yake mitatu. Bodi yake ina urefu wa futi 212 na nusu. Ukiipunguza mara 96 unapata kama sentimita 67, kiasi cha kukaa vizuri juu ya kabati la sebuleni. Nami naipenda sana. Lakini mtu wa Kisumu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kwenye boti za wavuvi, akiwa na futikamba na daftari.

Urembo wa Cutty Sark uko juu, kwenye kamba na matanga. Anayeanza nayo hufunga mafundo miezi na miezi kabla hajaelewa ubao mmoja unavyolala kwenye ubavu wa meli. Tena hawezi kuigusa. Boti ya Dunga unaigusa, unaingia ndani yake, unachuchumaa chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma, na kuona jinsi fundi alivyomalizia mbao zake. Yote unayohitaji kujua kuhusu mbao za ubavuni yamo humo, na mbao za ubavuni ndizo kazi yenyewe. Mengine yatakuja.

Boti tunazoziona kuanzia Dunga mpaka Asembo, Mbita na Usenge nyingi ni za aina ya Ssese. Asili yake ni visiwa vya Ssese upande wa Uganda, ambako zamani mbao zilishonwa pamoja kwa nyuzi za mimea. Mpelelezi Henry Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 alizikuta zikibeba majeshi ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Leo hushikwa kwa misumari, na viungo vya mbao hujazwa pamba isije ikavuja. Ziko za namna mbili: zilizochongoka mbele na nyuma, zinazokwenda kwa kasia na tanga, na zilizokatwa bapa nyuma ili zifungwe injini. Chagua iliyochongoka pande zote mbili. Ile ya injini ni rahisi zaidi, kwa kuwa mbao zake huishia kwenye ubao bapa, lakini ni ile ya kwanza itakayokufundisha jinsi ubao unavyopaswa kuwa mwembamba kuelekea omo, yaani mbele, na tena kuelekea tezi.

Nenda siku ambayo boti zimevutwa nchi kavu kwa matengenezo, salimia, waone kwanza wazee wa kamati ya ufuo, kisha mwombe mwenye boti ruhusa. Sijaona anayekataa mtu aliyeeleza vizuri anachotaka, na mara nyingi fundi mwenyewe hukushikia upande wa pili wa futikamba. Funga uzi uliokazwa kutoka ncha ya omo hadi ncha ya tezi, uwe katikati ya boti. Gawa urefu huo mafungu sita yaliyo sawa. Utapata sehemu tano za kupima katikati ya ncha mbili. Katika kila sehemu teremsha timazi (kamba yenye kizito) kutoka kwenye uzi hadi kwenye mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti nzima, halafu pima kwa rula kutoka kwenye kamba ya timazi kwenda kwenye ubavu, kila baada ya inchi nne za kina. Pima na upana wa kila ubao katika kila sehemu. Watu huruka kipimo hiki cha mwisho, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Piga picha ukisimama mbele kabisa, simu ikiwa usawa wa ukingo wa boti. Ukifanya hivyo kwa makini umetengeneza ramani ambayo huenda haipo popote pengine, maana mafundi wetu hujenga kwa jicho, na boti za faiba zimeshaanza kuchukua nafasi za mbao.

Kipimo ninachopendekeza ni nusu inchi kwa futi moja, yaani 1:24. Mafundi wa ziwani na wauza mbao wote huongea kwa futi na inchi, hivyo hesabu inakuwa nyepesi: boti ya futi 24 inakuwa modeli ya inchi 12, na ubao wa inchi moja unakuwa na unene wa milimita moja hivi. Mvuvi wa kimo cha kawaida atakuwa na sentimita saba. Kumbuka mvuvi huyo kila unapochonga kitu, na ujiulize kama angeweza kukishika.

Kuhusu mbao zenyewe, jambo la kuangalia ni nyuzi na vitundu vyake. Mvule ni mti wa heshima kwa boti kubwa, lakini vitundu vyake vikiwa kwenye modeli vinaonekana kama mashimo ya panya. Grevilea ina mabaka yanayong'aa ambayo jicho haliwezi kuyapuuza. Podo ndiyo bora kuliko zote nilizoshika: laini, ya rangi moja, nyuzi zimenyooka, inakatika bila kupasuka. Ni mti unaokua polepole, kwa hiyo mimi sinunui mpya, natafuta vipande vya fanicha kuukuu na mbao za dari zilizobomolewa. Ikikosekana, saiprasi isiyo na vifundo inatosha kabisa. Kwa vitu vidogo kama makapi ya kamba na vishikio vya kasia tumia mpera, mlimau au mkahawa. Miti hii ni migumu na nyuzi zake zimesongamana, unaweza kutoboa tundu la nusu milimita na kingo zake zisimeguke.

Usimwombe fundi wa jua kali akupasulie vipande vya milimita moja kwa mashine yake. Msumeno wa mashine hula kama milimita tatu kila unapopita, na kipande chembamba hivyo hakitatoka na unene mmoja. Mwombe akupasulie vya milimita tano, kisha uvipunguze mwenyewe kwa randa iliyonolewa vizuri, ukimalizia na msasa uliogundishwa juu ya kibao kilichonyooka. Ni kazi ya jioni nzima na mkono utachoka. Lakini mbao zitatoka na unene mmoja, na usawa huo utakuokoa huko mbele.

Mkuku na mataruma, yaani mbavu za boti, hayataki maneno mengi. Chora umbo la kila sehemu uliyopima, likate kwenye plaiwudi ya milimita nne, na uyasimamishe yote juu ya mkuku kwa pembe mraba. Kisha chukua ufito mwembamba unaopindika, uulaze juu ya mataruma yote kutoka omo hadi tezi, na uangalie. Taruma lililozidi litausukuma ufito nje, lililopungua litaacha mwanya. Lililozidi lipige msasa, lililopungua liongezee kipande kwa gundi. Endelea mpaka ufito uguse kila taruma bila kulazimishwa, popote utakapoulaza. Mtu asiende hatua inayofuata kabla ya hapo.

Sasa mbao. Kosa la karibu kila anayeanza ni kudhani ubao wa ubavuni ni mstatili. Anakata vipande vyenye upana mmoja, anaanza kuvibandika kutoka juu, na vinapofika omo vinaanza kupandana, kwa sababu ubavu wa boti ni mpana katikati na mfupi mwishoni. Mbao zile zile zinazojaza katikati haziwezi kuenea mbele bila kupunguzwa upana.

Kata ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye taruma la katikati kutoka kwenye mkuku hadi ukingoni, na uweke alama. Tuseme umepata milimita 50. Fanya hivyo kwenye kila taruma. Karibu na omo pengine utapata 30, karibu na tezi 35. Kama boti uliyoipima ina mbao tano kila upande, kila ubao utakuwa na milimita 10 katikati, 6 mbele na 7 nyuma. Hesabu hiyo ni rahisi kwa sababu nimechagua tarakimu rahisi. Ukikutana na milimita 43 na nusu, usihangaike na kikokotoo. Chora kwenye daftari mistari sita sambamba yenye nafasi ya milimita tano. Laza ukanda wako wa karatasi juu ya mistari hiyo kwa mshazari, mwanzo wa ukanda uguse mstari wa kwanza na mwisho uguse wa sita, kisha weka alama kila unapokatiza mstari. Umeugawa sehemu tano zilizo sawa bila hesabu yoyote. Rudisha ukanda kwenye taruma lake, hamishia alama, na ukimaliza mataruma yote utaona njia ya kila ubao imechorwa ubavuni kabla hujakata hata mmoja. Mimi hupita penseli kutoka alama hadi alama na kuitazama kutoka mbali. Mistari ikipinda vizuri machoni, mbao nazo zitapinda vizuri.

Iko mipaka. Upana wa ubao mwishoni usipungue nusu ya upana wake katikati. Ukipungua zaidi ya hapo, ncha inakuwa kali mno, haina pa kushika gundi, na kwenye boti kubwa isingeshika msumari. Kwenye meli zenye omo butu mafundi wa zamani walimalizia mbao mbili ndani ya moja. Boti ya Ssese ina omo refu lililochongoka, kwa hiyo hutahitaji kufanya hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

Halafu kuna kupinda. Ubao mwembamba unakubali kupindwa upande wa bapa lake, lakini haukubali kupindwa kwa ukingo. Ukiulazimisha, ukingo mmoja utainuka na hakuna gundi itakayoulaza. Panapohitajika mpindo wa ukingo, kata ubao ukiwa umeshapinda kutoka kwenye kipande kipana: bandika masking tepu juu ya nafasi iliyobaki, pitisha kucha kwenye kingo zake hadi umbo lijichore, ibandue, ihamishie kwenye mbao, kata. Kwa mpindo wa bapa loweka ubao kwenye maji ya moto, kisha uusugue polepole juu ya bomba la chuma lililowekwa kwenye jiko la makaa. Joto ndilo linalolegeza mti. Maji husaidia joto kuingia na kuzuia usiungue. Na unene una nguvu kuliko watu wanavyofikiri: ubao wa milimita moja ni mwepesi kupinda mara nane kuliko wa milimita mbili, si mara mbili. Ndiyo maana nilisisitiza ile jioni ya randa.

Ukishaupinda, ufunge kwa vibanio vya nguo mahali pake na uuache ukauke kabisa kabla ya gundi. Mti uliolowa huvimba kwa upana wake, si kwa urefu wake. Ukiugundisha ukiwa na maji, utakapokauka utaacha nyufa kati ya ubao na ubao, na hapa kwetu, unyevu wa ziwa ukipanda na kushuka kati ya masika na kiangazi, nyufa hizo zitazidi. Gundi nyeupe ya seremala inafaa kuliko supaglu, inakupa dakika chache za kurekebisha. Tena bandika ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, daima kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, mbao zitauvuta mkuku na utakaa ukiwa umepinda, na hakuna dawa yake.

Usizipambe mbao kwa visumari vya shaba vinavyouzwa madukani. Kichwa cha milimita moja na nusu kwenye modeli hii ni sawa na milimita 36 kwenye boti halisi, kikubwa kuliko sarafu yoyote ya Kenya. Kama unataka misumari ionekane, gusa kwa ncha ya penseli, basi.

Rangi ndiyo sehemu ninayoifurahia zaidi, kwa kuwa boti zetu zina rangi za kweli: jina kubwa omoni, mara la Kijaluo, mara aya ya Biblia, na namba ya usajili. Nakili jina la boti uliyopima kwa mwandiko ule ule wa aliyelichora. Rangi ya mafuta inayong'aa huifanya modeli ionekane kama kichezeo, hivyo tumia ya maji, nyembamba, mipako kadhaa. Tanga lisiwe la kitambaa cha marekani. Nyuzi zake zinaonekana nene mno kwa kipimo hiki. Leso kuukuu ya mfukoni, iliyochovywa kwenye chai ya rangi, ndiyo inayofaa. Kamba zako zipitishe kwenye nta ya nyuki ili manyoya yake yalale.

Baada ya boti moja au mbili za namna hii, bandari ya Kisumu ina historia ya kutosha kumshughulisha mtu maisha yake yote. Ilikuwako SS William Mackinnon, iliyotengenezwa Uskoti na Bow, McLachlan, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1900, wakati reli yenyewe ilikuwa bado njiani. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Iko MV Uhuru ya 1966, inayobeba mabehewa ya treni, iliyorudi kazini mwaka 2019. Hizi ni za chuma, hazina mbao za ubavuni za kuonyesha, kwa hiyo njia yake ni nyingine: unagundisha mbao bapa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa imekatwa kwa umbo la meli katika kina chake, kisha unachonga ngazi zilizobaki kati yake mpaka ubavu uwe laini. Saiprasi inafaa kwa kazi hiyo, na patasi iwe kali.