Paka na bakuli la maziwa
Mjini Lamu, ambako paka hulala barazani na kungoja matumbo ya samaki gatini, wengi huamini kwamba maziwa ya ng'ombe ndiyo chakula kinachomfaa zaidi mnyama huyo. Imani hiyo inaeleweka, kwani paka huyalamba kwa hamu, ingawa kupenda kitu hakuonyeshi kuwa tumbo linakiweza. Paka wengi wakishaachishwa kunyonya, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hupungua mwilini, na sukari isiyosagwa huvuta maji utumboni, hata wakaharisha. Mwenye shaka aondoe maziwa siku chache, aweke maji safi, kisha atazame kinyesi: kikiwa kigumu tena, huenda maziwa ndiyo yaliyokuwa chanzo. Kikiwa na damu, au paka akikataa kula siku nzima, apelekwe kwa daktari wa mifugo.