Sarafu za Kichina zenye tundu hazikutengenezwa kuvuta utajiri

Ujumbe unaozungushwa katika makundi ya simu hudai kwamba sarafu za kale za China zenye tundu la mraba zilikuwa hirizi, na kwamba anayezivaa mkononi hatapungukiwa. Si kweli. Kwa zaidi ya miaka 2,000 zilikuwa fedha za kawaida za sokoni, za thamani ndogo, na tundu lilitumika kuzitunga kwenye uzi ili zihesabike na kubebeka kwa urahisi. Ukilinganisha herufi za Kichina zilizo juu yake, ambazo mara nyingi ni nne, na orodha za makumbusho, aghalabu utakuta jina la kipindi cha utawala, wala si dua. Mkanganyiko unatokana na hirizi zilizoigiza umbo hilo, ambazo hazikuwa fedha, wala hakuna ushahidi kwamba humtajirisha mvaaji. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, hasa unapoambatana na bei ya bangili, kwani humfikia pia mwenye dhiki anayetafuta ada ya mtoto.