Je, wajua kwa nini mwenye upungufu wa homoni za adrenali hutamani chumvi?

Kula embe bichi kwa chumvi na pilipili ni mazoea ya wengi. Kulamba chumvi tupu kiganjani, siku baada ya siku, ni jambo jingine. Kwa mtu ambaye pia amekonda bila sababu, anachoka upesi na huona kizunguzungu kila anaposimama, hamu hiyo huenda ikawa dalili ya upungufu sugu wa homoni za tezi za adrenali, ugonjwa ambao Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliueleza mwaka 1855 na ambao hadi leo huitwa kwa jina lake.

Tezi hizo ni mbili, nazo zimekaa juu ya figo, moja kila upande. Tabaka lake la nje hutengeneza kortisoli, inayousaidia mwili kudumisha sukari na presha ya damu hasa wakati wa maradhi, na pia aldosteroni, inayozifanya figo zirudishe sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwenye damu na kutoa potasiamu. Aldosteroni ikikosekana, sodiamu hupotelea kwenye mkojo pamoja na maji, presha hushuka, na mwili huanza kudai chumvi. Kumkataza mgonjwa huyu chumvi, kwa nia njema ya kumkinga na presha ya kupanda, ni kumdhuru.

Ngozi nayo huwa nyeusi zaidi. Kortisoli ikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga kwa wingi homoni ya kuzichochea adrenali, na homoni hiyo huziamsha pia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa mtu mweusi badiliko hili huweza kupita bila kuonekana, ndiyo maana daktari makini huangalia fizi, ndani ya mashavu, mikunjo ya viganja na makovu mapya, kisha huagiza kipimo cha kortisoli ya asubuhi.

Katika nchi tajiri, tezi hizi huharibiwa zaidi na kinga ya mwili wenyewe. Kwetu, kifua kikuu bado ni chanzo cha kukumbukwa, tena kina mtego wake: rifampisini, mojawapo ya dawa zake, huharakisha kuvunjwa kwa kortisoli, hivyo ambaye tezi zake zimekwisha kudhoofika anaweza kuzidiwa baada ya kuanza dozi. Wapo pia ambao adrenali zao zimelazwa na steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kortisoli, zilizomo katika vidonge au mkorogo wa kujichubua, wakaja kuziacha ghafla. Hao kwa kawaida hawawi weusi zaidi wala hawapotezi chumvi kwa namna hii, lakini hatari ya kuanguka wanayo.

Matibabu ni kurudisha kinachokosekana, kwa kawaida maisha yote. Mtu mzima hupewa haidrokotisoni, yaani kortisoli iliyotengenezwa kama dawa, mara nyingi miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu, na fungu kubwa humezwa anapoamka kwa sababu ndio wakati ambao kortisoli ya asili huwa juu. Isipopatikana, prednisoloni hutumika. Fludrokotisoni, mara moja kwa siku, huchukua nafasi ya aldosteroni. John F. Kennedy, aliyegunduliwa na ugonjwa huu mwaka 1947, alifika hadi urais wa Marekani akiwa kwenye tiba ya homoni.

Linalowaponza wengi ni homa. Mwili wenye afya ukipatwa na malaria hupandisha kortisoli wenyewe. Mwili wenye ugonjwa huu hauwezi, kwa hiyo mgonjwa hufundishwa mapema na daktari wake kuongeza dozi ya haidrokotisoni iwe mara mbili au tatu ya ile ya kawaida mpaka homa iishe, na asikatishe dawa hata siku moja, wala asifunge Ramadhani kabla ya kushauriana naye. Akitapika hata vidonge visikae tumboni, anahitaji sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100 kwa mtu mzima, kisha dripu hospitalini bila kungoja majibu ya maabara. Kadi inayoeleza hayo ikae kwenye pochi yake, na watu wa nyumbani wajue sindano imewekwa wapi, kwa kuwa akishapoteza fahamu hataweza kujieleza.