Kutu ni ya chuma

Wiki iliyopita, kwenye karakana moja ya jua kali hapa Nakuru, kijana alifungua kitambaa akatoa herufi za nembo alizozing'oa mbele ya lori la Bedford la babu yake. Zilikuwa na unga mweupe pembeni na vijishimo kama uso ulioponea ndui. "Fundi, hizi zimeshika kutu," akasema. Fundi akamjibu kwamba kutu si shida: zitalala kwenye kostiki soda, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, usiku mmoja, asubuhi zipigwe brashi ya waya. Nikawaomba wangoje kwanza. Neno hilo nimelisikia mahali pasipo pake mara nyingi, na safari hii lilikuwa karibu kuharibu kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza tena.

Kutu ni kile ambacho chuma hugeuka kuwa kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja: unga wa kahawia unaoelekea wekundu, ambao huvimba, hupasuka, hubanduka, na kuacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe. Basi. Shaba haishiki kutu. Alumini haishiki kutu. Zinki haishiki kutu. Hata kromu yenyewe, ile metali ya kung'arisha bampa, haishiki kutu.

Mkanganyiko huu naona unaanzia kwenye neno jingine, chuma, ambalo tumelitwika mizigo miwili. Kwa upande mmoja ni jina la metali moja mahususi, ile ya jembe na reli. Kwa upande mwingine tunaliita chuma karibu kila kitu kigumu kinachong'aa au kulia ukikigonga. "Metali" limebaki neno la darasani. Kwa hiyo mtu akiona kitu anachokiita chuma kimeharibika, kutu linamjia mdomoni lenyewe. Wanunuzi wa vyuma kuukuu ndio wasiodanganyika. Kwa jina wananunua "vyuma", lakini mizani ikishuka, alumini inakaa gunia lake, shaba gunia lake, na bei haziko karibu hata kidogo.

Majina yetu ya metali yana historia ya kuhama hivyo. Bati ni metali inayojitegemea, lakini mabati tunayoezekea ni chuma kilichovishwa zinki. Sufuria ni neno lililotoka Kiarabu, na asili yake ni sufr, yaani shaba ya manjano. Leo karibu kila sufuria ya mama huku kwetu ni ya alumini, na jina halikubadilika. Sina ugomvi na hilo, maana lugha huishi hivyo. Ugomvi wangu ni pale jina linapoamua dawa.

Na tusiseme Kiswahili kimepungukiwa. Kuna kufubaa, yaani kupoteza mng'aro ilhali mwili wa metali ni mzima. Kuna kulika, yaani kuliwa kidogo kidogo hadi mwili upungue. Kutu ni aina moja ya kulika, ile ya chuma peke yake. Shaba hufubaa, kisha hutoa ukijani. Alumini hujivika ngozi nyembamba mno inayoishika na kuilinda, na ndiyo maana haivimbi wala kubanduka kama chuma. Zinki hutoa unga mweupe. Umeuona kwenye mabati mapya yaliyopangwa dukani yakanyeshewa kabla hayajauzwa.

Ngozi ile ya alumini ina adui wake, na watu wa Kakamega au Kisii wanamjua bila kufundishwa: pika kunde kwa magadi, kisha tazama sufuria ilivyopiga weusi ndani. Magadi huishambulia ile ngozi. Kostiki soda ni kali kupita magadi mara nyingi. Alumini ikizama humo hutoa mapovu na kuyeyuka, na zinki nayo huliwa. Hapa Nakuru tuna sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili, kwa kuwa ziwa letu lenyewe ni la magadi. Maji yakipungua, upepo huinua vumbi jeupe kutoka ufukweni. Vumbi hilo likitua kwenye ukanda wa alumini wa lori lililolala nje, kisha umande ukalilowesha, kazi inaanza. Suuza kwa maji safi mara kwa mara.

Turudi kwenye zile herufi. Nilitoa sumaku ya spika mbovu nikaigusisha: haikushika. Nikapima moja kwa kiganja: nzito, kwa hiyo si alumini. Nembo za namna hii kwenye magari ya zamani mara nyingi zilimiminwa kwa mchanganyiko uitwao Zamak, ulioundwa mwaka 1929 na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani. Jina limeunganishwa kutoka maneno ya Kijerumani: Zink, Aluminium, Magnesium, na Kupfer ambayo ni shaba. Sehemu kubwa mno ni zinki. Hakuna hata herufi moja ya jina hilo inayosimama kwa chuma.

Juu yake kuna kromu, na kromu ni ya kuchovya, kama mkufu wa dhahabu ya kuchovya. Tabaka lake kwa kawaida halifiki hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli iliyo nene zaidi, na chini ya nikeli kuna shaba. Unyevu ukipenya kwenye kitundu kimoja, kinacholiwa ni kile kilicho chini. Kama chini ni chuma, kama ilivyo kwa bampa nyingi za zamani, utaona madoa ya kahawia, na hayo kweli ni kutu: yasugue taratibu kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu. Kama chini ni Zamak, utaona malengelenge, vijishimo na unga mweupe. Hapo ukitia siki, ndimu au tindikali yoyote ukidhani unatoa kutu, unaipa zinki adui wa pili. Brashi ya waya nayo itakwangua kromu iliyobaki nzima.

Kazi yake halisi ni ya polepole. Osha kwa sabuni na mswaki laini. Aliye na subira na fedha huivua kromu kwa wanaojua kuchovya, vijishimo vikasafishwa kimoja kimoja, vikajazwa shaba, ndipo nikeli na kromu zikarudishwa. Asiye nazo asafishe, akaushe vizuri, apake nta na kuiacha na makovu yake. Wakati wa kuirudisha kwenye gari, weka kipande cha mpira kati ya nembo na bodi. Zinki ikigusana na chuma penye maji, zinki ndiyo hutangulia kuliwa.

Basi kijana wangu, herufi za babu hazikushika kutu. Zimelika. Mwambie fundi hivyo hivyo, kwa neno hilo, kabla hajafungua mkebe wa kostiki.